Uza Majani, Usiuze Shamba

Mazungumzo ya redio kwa watunzi wa nyimbo na makanisa yao
Somo: Yeremia 32:6-15

Twawasalimu ninyi nyote mlio Kisii na Nyamira, mlio Ogembo, Suneka, Keroka, Nyansiongo na Ikonge. Ninyi mnaotusikiliza mkiwa jikoni, dukani, shambani katikati ya majani chai, au kitandani kwa sababu ya ugonjwa. Karibuni tuketi pamoja kwa dakika chache mbele ya Neno la Mungu.

Leo twataka kusema na watunzi wa nyimbo, hasa vijana, pamoja na wazazi wao, wachungaji, wazee wa kanisa na viongozi wa kwaya. Swali letu ni hili: Mtu aliyepewa wimbo na Mungu atautoaje kwa watu bila kunyang'anywa njiani?

Huenda wengine watasema, "Hilo ni jambo la biashara, si la ibada." Ngojeni kwanza, tumsikilize nabii Yeremia.

Yeremia alikuwa amefungwa katika ua wa walinzi. Jeshi la Babeli lilikuwa limeuzunguka mji wa Yerusalemu. Ndipo Hanameli, mwana wa amu yake, akaja kumwuzia shamba lililokuwa Anathothi. Yeremia alijua kwa neno la Bwana kwamba jambo hilo limetoka kwa Mungu. Basi alifanya nini? Je, alisema, "Huyu ni ndugu yangu wa damu, hatuna haja ya karatasi"? Je, alisema, "Mimi ni mtu wa imani, Mungu atalinda"? La. Biblia yasimulia kwamba alipima fedha katika mizani, shekeli 17. Akatia sahihi hati. Akaweka mashahidi. Palikuwa na hati mbili, moja iliyotiwa muhuri na moja iliyo wazi. Akazikabidhi kwa Baruku mbele ya watu wote, akamwagiza azitie katika chombo cha udongo ili zikae siku nyingi.

Ndugu zangu, tazameni vizuri. Mtu aliyekuwa akisikia sauti ya Mungu alitumia mizani, sahihi, mashahidi, hati mbili na mahali pa kuzihifadhi. Tena alifanya hivyo na jamaa yake mwenyewe. Imani yake haikuondoa hati, na hati haikuondoa imani yake. Huo ndio msingi wa mazungumzo yetu ya leo.

Sasa turudi nyumbani. Nchi yetu hii ni nchi ya nyimbo. Kabla ya redio na kabla ya makanisa, wazee wetu walikuwa na obokano, kinanda kikubwa chenye nyuzi nane, na walioupiga walisifu, walionya na walikumbusha watu ukoo wao. Injili ilipokuja, nyimbo ziliingia kanisani. Leo nenda makambini au kwenye mkutano wa vijana mahali popote kati ya Tabaka na Borabu, utasikia nyimbo mpya zilizotungwa na watoto wetu wenyewe, kwa Ekegusii na kwa Kiswahili. Hapo zamani, aliyetaka sauti yake iingie katika santuri alisafiri. Wengine walikwenda River Road, Nairobi. Wengine walikwenda Kericho, ambako studio ya Chandarana ilirekodi wanamuziki wengi wa Nyanza na Bonde la Ufa. Siku hizi kijana aweza kurekodi katika chumba kidogo mjini Kisii, na jioni ile ile wimbo wake uko katika simu za watu Dubai na Minneapolis.

Mlango umekuwa mpana, nasi twamshukuru Mungu. Lakini palipo na mlango mpana wenye watu wengi, wanyang'anyi nao husimama hapo.

Hebu tutoe mfano. Dada mmoja wa kwaya ametunga wimbo wa kuwafariji waliofiwa. Ameuimba katika mazishi mawili matatu, watu wakalia, wakafarijika. Mtu mmoja akauweka katika simu. Baada ya wiki mbili, simu ya dada inalia. "Tumesikia wimbo wako. Sisi ni kampuni ya Nairobi. Umechaguliwa. Tutakufikisha kwenye televisheni." Dada anapiga magoti na kushukuru. Kisha anaambiwa: tuma shilingi 5,000 za usajili. Anatuma. Kisha 15,000 za video. Kisha 30,000 za matangazo. Baba yake alikuwa ameweka bonasi ya chai kwa karo ya mdogo wake. Inachukuliwa. Mama anauza ndama. Kanisa linafanya harambee. Mwishowe simu ya yule bwana haipatikani tena. Au, jambo lililo baya zaidi, inapatikana, na kila siku kuna ada nyingine.

Msidhani hila hii ilizaliwa jana. Marekani, zaidi ya miaka 100 iliyopita, kulikuwa na watu waliotangaza katika kurasa za nyuma za magazeti kwamba wanatafuta mashairi ya kutiwa muziki. Wakulima, wajane na vijana wa viwandani waliwapelekea maneno yao. Kila shairi lilisifiwa, zuri na baya sawasawa. Kisha ikafuata barua ya kudai fedha za kutia muziki na kuchapa. Waandishi wakalipa, wakapewa nakala chache, na hakuna aliyeuimba wimbo wao. Kampuni zile hazikutafuta wasikilizaji hata siku moja. Fedha zilikwisha kupatikana.

Hapo ndipo tunapopata kipimo cha kwanza, nacho ni rahisi kukumbuka. Uliza: Mtu huyu anapata faida yake kutoka kwa nani? Mfanyabiashara wa kweli wa nyimbo hupata faida kutoka kwa wasikilizaji. Wimbo usiposikilizwa, na yeye hapati kitu. Mdanganyifu hupata faida kutoka kwa mtunzi. Wimbo usiposikilizwa, yeye ameshalipwa. Ninyi wakulima wa Nyamira mnalijua jambo hili. Kiwanda cha chai hakimtozi mkulima ada ya kuyaonja majani yake na kumwambia ni matamu. Kinayachukua majani, kinayapima, kinayauza, ndipo fedha zinarudi. Basi mtu akikusifu kwanza na kukuomba fedha pili, zipime sifa zake kabla ya kuzipima fedha zako.

Lakini tusiwe watu wa kudhulumu kwa midomo yetu. Si kila anayedai fedha ni mwizi. Mwenye studio aliyenunua mashine zake na kukaa na wewe kutwa nzima anastahili ujira. Mpiga picha anastahili ujira. Tofauti ni hii: fundi wa kweli anakuuzia kazi inayoonekana. Atakwambia, "Kurekodi wimbo mmoja ni shilingi kadha, utapata nakala siku fulani," naye atakupa risiti. Mdanganyifu hauzi kazi, anauza tumaini. Anauza kuchaguliwa, anauza umaarufu, anauza tuzo. Ukimwuliza, "Nikilipa, ni kitu gani nitakachokishika mkononi, na siku gani?" maneno yake yanakuwa moshi.

Na tuseme neno moja juu ya tuzo. Ziko tuzo za heshima. Lakini ukiambiwa kwamba umeteuliwa, na kwamba ili ushinde lazima ulipe ada ya kuteuliwa, au jamaa zako wapige kura za kulipia usiku kucha, ujue kwamba unanunua kikombe chako mwenyewe. Vivyo hivyo na wale wanaouza watazamaji wa YouTube kwa maelfu. YouTube yenyewe imekataza hesabu za uongo na huziondoa. Mithali 11:1 yatufundisha kwamba mizani ya uongo inamchukiza Bwana. Mwimbaji wa Injili anayenunua hesabu ya uongo ameweka mizani ya uongo juu ya madhabahu.

Kipimo cha pili kinahusu karatasi. Uliza: Je, ninauza majani, au ninauza shamba?

Msikilizaji, wimbo si kama sungura wa jiwe anayechongwa Tabaka. Sungura yule akiuzwa amekwenda, na fundi huchonga mwingine. Wimbo ni kama mche wa chai. Ukichumwa leo, utachumwa tena baada ya siku chache, na tena, kwa miaka mingi. Kwa sheria ya Kenya, hakimiliki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Maana yake ni kwamba watoto wako, na pengine wajukuu wako, waweza kula matunda ya wimbo ulioutunga leo. Kumpa mtu ruhusa ya kuutumia wimbo kwa muda na kwa kazi fulani, huko ni kuuza majani. Kumpa hakimiliki yenyewe, huko ni kuuza shamba pamoja na mizizi.

Wengi wameuza shamba wakidhani wanauza majani. Afrika Kusini aliishi mtu aitwaye Solomon Linda, Mzulu. Mwaka 1939, katika studio mjini Johannesburg, yeye na kundi lake walirekodi wimbo alioutunga, uitwao "Mbube", yaani simba. Mwaka 1952 alitia sahihi karatasi iliyotoa haki zake kwa shilingi 10. Wimbo ule ukavuka bahari. Mwaka 1961 ukatokea Marekani katika umbo jipya, "The Lion Sleeps Tonight", ukaimbwa ulimwenguni pote. Linda alikufa mwaka 1962, akiwa maskini. Baadaye wimbo huo uliingia hata katika filamu ya "The Lion King" ya mwaka 1994. Binti zake walipigania haki yao, wakafungua kesi mwaka 2004, na mwaka 2006 wakafikia mapatano ya kulipwa. Waliwezaje? Kwa sababu sheria ya kale ya Waingereza ilisema kwamba miaka 25 baada ya mtunzi kufa, haki aliyokuwa ameitoa irudi kwa warithi wake. Wanasheria waliikumbuka sheria hiyo. Lakini baba yao alikuwa kaburini kwa zaidi ya miaka 40.

Shilingi 10! Biblia yatuambia habari za Esau, aliyeuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu kwa sababu alikuwa na njaa siku ile. Njaa ni ya leo; haki ni ya siku zote. Kijana, usitie sahihi ukiwa na njaa.

Kwa hiyo ukiletewa mkataba, tafuta maneno haya. Je, unasema unatoa ruhusa, au unahamisha hakimiliki? Ni kwa muda gani? Kama hausemi muda, uliza kwa nini. Ni kwa nchi gani? Ni kwa wimbo mmoja, au kwa kila wimbo utakaoutunga maisha yako yote? Mapato yatagawanywaje, na utaonyeshwa hesabu mara ngapi? Ukitaka kutoka, utatokaje? Usipoelewa neno moja, usione haya. Mpelekee mwalimu, mpelekee mwanasheria, mpelekee mzee wa kanisa anayeisoma lugha hiyo vizuri. Sheria ya Kenya inataka hati yenye sahihi ili hakimiliki ihame; haihami kwa maneno matupu ya mdomo. Basi sahihi yako ni lango la shamba. Usilifungue gizani.

Tena jifunzeni kutofautisha mambo mawili ambayo huleta ugomvi mwingi katika kwaya zetu. Kuna wimbo, yaani maneno na tuni. Huo ni wa mtunzi. Na kuna sauti iliyorekodiwa. Hiyo kwa sheria ni ya yule aliyepanga na kugharimia kurekodi, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwaya ikichanga fedha za studio, rekodi ni ya kwaya, lakini wimbo ungali wa mtunzi. Na prodyuza akikurekodi bure kwa wema wake, aweza kuwa na haki katika rekodi ile, lakini hakupata wimbo wako kwa sababu hiyo. Semeni mambo haya kabla ya kuingia studio, mkaandike.

Kipimo cha tatu: Uliza, ni nani anayeshika ufunguo?

Siku hizi wimbo una funguo nyingi. Kuna akaunti ya YouTube. Kuna barua pepe iliyofungua akaunti hiyo, na neno lake la siri. Kuna jina lililoandikwa pale wimbo unaposajiliwa kuwa mlio wa simu, kama ule wa Skiza wa Safaricom. Mara nyingi kijana humwambia prodyuza, "Nisaidie tu, mimi sijui mambo hayo." Prodyuza anafungua akaunti kwa barua pepe yake, kwa nambari yake ya simu. Miaka miwili inapita, wimbo unapendwa, fedha zinaanza kuingia, na mtunzi anagundua kwamba anabisha hodi mlangoni pa nyumba yake mwenyewe.

Sikilizeni hesabu hii. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ilivyorekebishwa mwaka 2022 iliweka kwamba katika mapato ya milio ya simu, msanii au mwenye hakimiliki asipate chini ya asilimia 52. Kampuni ya simu asilimia 39.5, na yule wa kati anayeupeleka wimbo kwenye kampuni, asilimia 8.5. Bunge lilitunga sheria kumlinda mwimbaji. Lakini sheria hiyo itakusaidiaje ikiwa yule wa kati ameandika jina lake mahali pa jina lako? Atachukua fungu lake, kisha atachukua na lako. Kwa hiyo akaunti ifunguliwe kwa barua pepe yako, neno la siri liwe lako, na karatasi ya usajili uione kwa macho yako. Wa kusaidiwa asaidiwe akiwa ameketi hapo hapo.

Kipimo cha nne ni haraka. Mdanganyifu daima ana haraka. "Nafasi ni moja. Lipa kabla ya saa kumi. Usimwambie mtu, watakuonea wivu." Ndugu, Yerusalemu ilikuwa imezingirwa na jeshi, na bado Yeremia alipata muda wa kupima fedha na kuwaita mashahidi. Wewe ni nani anayekuharakisha hata usiweze kuuliza kwa baba yako au kwa mchungaji wako? Jambo jema litakuwa jema hata kesho asubuhi. Na mtu anayekukataza usiwashirikishe wenzako shauri, huyo amejua kwamba wenzako wangemwona.

Sasa basi, mtunzi afanye nini? Waswahili walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Anza na daftari. Andika maneno ya wimbo, tarehe, na mahali. Imba wimbo huo katika simu yako na uhifadhi sauti ile, hata kama ni wewe peke yako na kuku wanawika nje. Kwa sheria yetu wimbo hupata hakimiliki unapoandikwa au kurekodiwa. Hauhitaji kwanza kununua cheti. Waimbie watu wawili watatu wanaoaminika, ili wawe mashahidi. Fadhili William alirekodi "Malaika" mwanzoni mwa miaka ya 1960, Miriam Makeba akauimba mbele ya mataifa, na Fadhili alifariki mwaka 2001. Hata leo watu wanabishana ni nani aliyeutunga kwanza. Mabishano ya namna hiyo huzaliwa mahali pasipo na tarehe na mashahidi.

Kisha sajili. Kenya ina Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, iliyoundwa kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Bodi hiyo husajili kazi za watunzi, na usajili waweza kufanywa kwa njia ya intaneti bila kusafiri mpaka Nairobi. Usajili haukupi hakimiliki, maana unayo tayari. Unakupa ushahidi siku ya ugomvi. Uulize ada kwa Bodi yenyewe, si kwa mtu aliyekufuata sokoni Daraja Mbili akisema ametumwa nayo.

Kuna pia vyama vinavyokusanya mirabaha nyimbo zinapochezwa redioni, hotelini na katika matatu. Chama cha MCSK kilianzishwa mwaka 1983 kwa ajili ya watunzi. PRISK kikaja kwa ajili ya waimbaji na wapigaji, na KAMP kwa ajili ya wenye rekodi. Lakini vyama hivi hufanya kazi kwa leseni ya KECOBO, na leseni yaweza kukataliwa. Mwaka 2017, kwa mfano, Bodi ilikataa kuihuisha leseni ya MCSK. Kwa hiyo kabla ya kujiunga na chama chochote, iulize Bodi: Ni chama gani chenye leseni mwaka huu? Nanyi mkishajiunga, hudhurieni mikutano na ulizeni hesabu. Mwanachama asiyeuliza hesabu ameacha ng'ombe wake bila mchungaji.

Mwisho, watafute watu watatu waliohudumiwa na mtu huyo mbele yako. Usiulizie picha zilizo ukutani. Zungumza na watu wenyewe. Waulize: Mlilipa nini, mlipata nini, na sasa akaunti iko kwa nani?

Nanyi wachungaji na wazee wa kanisa, mna sehemu yenu. Harambee ya kurekodi ikiletwa mbele ya kanisa, ombeni kuuona mkataba kabla ya kuupitisha mfuko. Hizo ni sarafu za wajane na za watoto. Kanisa linaloweza kukagua bei ya mabati ya paa laweza kukagua karatasi ya studio. Chagueni ndugu mmoja au dada mmoja mwenye elimu ya mambo haya, vijana wamwendee. Tena kanisa lenyewe liwe mahali pa haki. Kwaya ikiimba wimbo wa mwalimu wa mtaa wa pili, jina lake litajwe. Ikiurekodi, aombwe ruhusa, na apewe fungu lake. Tukiimba kwamba Mungu ni mwenye haki kwa wimbo tuliouiba, nani atatuamini?

Labda kuna mtu anayetusikiliza sasa, na moyo wake unauma, kwa sababu haya yote yamekwisha kumpata. Fedha zimekwenda. Ndama ameuzwa. Nyumbani hawasemi naye. Ndugu, dada, sikiliza. Aliyetenda dhambi ni yule aliyedanganya. Usijifiche. Kusanya risiti zako, ujumbe wa simu, na kumbukumbu za fedha ulizotuma. Piga ripoti polisi. Kama ni juu ya hakimiliki, andika kwa KECOBO. Waambie wenzako, ili wa pili asinaswe. Na wazazi, msimfukuze mtoto kwa ajili ya bonasi. Fedha za chai zitatoka tena mwaka ujao. Mtoto aliyevunjika moyo hatoki tena upesi.

Na wimbo wenyewe je? Ule wimbo wa kuwafariji waliofiwa ulifanya kazi yake kabla ya simu kulia. Mjane mmoja alilala usingizi usiku ule kwa sababu yake. Hakuna promota aliyempa Mungu nafasi hiyo, na hakuna awezaye kuifuta. Tunza hakimiliki yako kwa sababu ni mali halali na kwa sababu watoto wako watakula. Lakini usifikiri kwamba wimbo hauna thamani mpaka mtu wa Nairobi aseme una thamani. Fikira hiyo ndiyo ndoana yenyewe. Aliyejua tayari kwamba karama yake yatoka kwa Mungu hana haja ya kuinunua kwa shilingi 5,000 za usajili.

Yeremia aliitia hati katika chombo cha udongo, adui akiwa langoni, kwa sababu aliamini ahadi ya Bwana kwamba nyumba na mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile. Nawe andika, tia tarehe, weka mashahidi, hifadhi mahali salama. Uza majani kwa bei ya haki. Shamba uliache kwa watoto.

Na tuombe. Ee Mungu Baba, Mpaji wa kila karama njema, twakushukuru kwa nyimbo ulizozitia katika vinywa vya watoto wetu wa Kisii na Nyamira. Wape hekima wasinaswe, na upole wasiwe wachungu. Waponye waliodanganywa. Wageuze mioyo wale wanaokula tumaini la maskini, nao wajifunze kufanya kazi kwa mikono yao. Ulifanye kanisa lako kuwa mizani ya kweli. Twaomba haya kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Bwana awabariki, na kwa herini mpaka tutakapokutana tena.